Rangi Sita na Ukingo Mweupe

Katika nyumba yetu ya mtaa wa Lindi, upande wa huku wa Barabara ya Ngong, hakuna kiti kinachokaa uchi. Kochi lina vitambaa vitatu vya mgongoni na viwili vya mikononi, meza ina chake, redio ina chake, hata mtungi wa maji umevikwa kimoja kidogo cha duara. Ukuta wenyewe ni wa udongo, lakini ukiingia huuoni, kwa sababu Mama ameufunika na pazia jeupe la nyavu kutoka juu hadi chini, na nyuma ya pazia kuna maboksi yaliyofunguliwa kuzuia vumbi. Kanzu yake ya kanisani inaning'inia kwenye msumari karibu na kitanda. Ni nyeupe, yenye mshipi wa buluu.

Vitambaa hivyo tunavifuma sisi wawili, mimi, kijana wake wa kiume, na Mama. Nilipomaliza darasa la nane hapakuwa na njia ya kuendelea, nikakaa nyumbani, na kwa kuwa sikupenda kukaa kwenye kona ambako vijana huongea sana, nilichukua sindano yake ya ndoana nikaanza kumwiga. Sasa nafuma kuliko yeye. Kufuma kunanifaa. Mtu akikusemesha unaweza kutazama uzi. Kuandika pia ni hivyo, ila kuandika kwangu ni polepole zaidi. Mstari mmoja naweza kuufumua mara nyingi kabla haujakaa.

Vijana wa ploti, wapangaji wenzetu, walikuwa na maneno yao. Nikipita na mfuko wa nyuzi mmoja angesema, "Niaje, mama wa vitambaa?" Mwingine angedakia, "Mwacheni, huyu anajitayarisha. Wewe, utaolewa lini?" Wangecheka, nami ningecheka kidogo ili nipite. Halafu kaka yangu mkubwa angetokea na ngazi begani, amerukiwa rangi mpaka nyusi, na wote wangenyamaza na kumsalimu kwa heshima. "Sema, fundi. Umepaka nyumba ya nani leo?" Kaka yangu alikuwa mpakaji rangi, mrefu, mwenye sauti. Hakuna aliyewahi kumuuliza kaka yangu ataolewa lini.

Kazi yake ilikuwa kwenye majumba makubwa ng'ambo ya Barabara ya Ngong. Jioni alikuja na masalio ya rangi ndani ya mikebe ya mafuta ya kupikia, akatueleza juu ya nyumba za watu. Alisema matajiri wanaogopa rangi. "Wanakuonyesha kadi yenye rangi mia," alisema, "wanaichungulia siku nzima, wanaitana, mume na mke wanakosana, halafu wanachagua krimu." Mama alicheka sana. Kwake yeye rangi si kitu cha kuogopa, lakini pia si cha kuchezea.

Hapa lazima nieleze juu ya kanisa la Mama, maana bila hilo mambo yaliyofuata hayaeleweki. Ni kanisa la kanzu, la watu wa kutoka ziwani, na jengo lao la mabati liko Kambi Muru. Huko rangi huichagui. Inakuja kwa ndoto. Mtu analala, anaota amevikwa kitu, na akiamka anawaeleza wenzake, wanaomba, kisha anashonewa. Buluu ni ya mbingu na ya wanaoombea akina mama. Kijani ni ya wanaoombea wagonjwa. Nyekundu ni ya damu na ya wenye vita na pepo. Manjano ni ya malaika, zambarau ni ya toba. Nyeupe ni ya kila mtu, ndiyo inayozishika zote. Na kuna sheria moja ambayo Mama alitufundisha tukiwa wadogo: rangi aliyopewa mtu huicheki. Unaweza usiielewe, lakini huicheki.

Ndiyo maana nyumbani kila mtoto alifumiwa kitambaa cha kiti chake kwa rangi yake. Changu ni kijani na nyeupe. Cha kaka yangu, kile kiti cha mbao karibu na mlango, kilikuwa na kitambaa cha buluu iliyoiva chenye maua meupe. Alipohama kwenda Kawangware kile kitambaa hakikuondoka. Mama alikifua pamoja na vingine, akakitia wanga, akakirudisha. Mgeni akitaka kukaa pale alimwambia, "Hapo pana mwenyewe, njoo huku."

Kaka yangu alipanga chumba cha mawe Kawangware pamoja na rafiki yake, kijana wa kutoka upande wa magharibi, anayepika chapati kwenye kibanda kando ya barabara. Mimi nilikuwa naenda kuwatembelea kwa miguu, napita Makina, nashika Barabara ya Ngong, nafika Dagoretti Corner na kukata kulia. Huyo rafiki yake ana mdomo wa mzaha. Mara ya kwanza nilipofika alinifungulia mlango, mikono imejaa unga, akasema, "Karibu, shemeji." Kaka yangu alimpiga na kitambaa cha kufutia burashi. "Wewe nyamaza. Utamtisha mtoto wa watu."

"Si shemeji yangu? Basi nimwite nani, mkwe?"

Walicheka. Mimi nilitazama chini, lakini si kwa hasira. Nilikuwa nimeona kitanda ni kimoja, nimeona vikombe viwili vimefunikwa na sahani moja, nimeona jinsi yule rafiki alivyomtolea kaka yangu kipande cha rangi iliyokauka kwenye sikio bila kuacha kuongea. Nilijua. Kaka yangu alijua kwamba nimejua. Alinikatia chapati iliyokuwa juu, ile ya moto.

Na kulikuwa na ukuta. Ukuta wa nyuma, mkabala na mlango, walikuwa wameupaka kwa masalio, mistari mipana ya kulala: nyekundu juu, kisha rangi ya machungwa, manjano, kijani, buluu, na zambarau chini kabisa. Majirani wa ploti walidhani ni uchumi tu, fundi amemaliza mikebe yake. Zambarau ilikuwa imewasumbua kaka yangu na mwenzake, maana hakuna tajiri anayebakisha zambarau. Waliichanganya wenyewe kwa buluu na nyekundu. Kaka yangu aliniambia siku moja maana ya mistari ile, kwa sauti ya chini, kama mtu anayekufundisha njia ya mkato. Chumba kilikuwa kidogo na cha giza, lakini ukifungua mlango, ukuta ule ulikuwa kama mtu aliyeinuka kukupokea.

Sasa, Mama alikuwa hajaiona nyumba hiyo. Kwetu mama haendi kwa mwanawe tu kama anayekwenda sokoni. Anangoja aitwe, na siku ya kwanza anaingia na kitu mkononi. Kaka yangu alichelewa kumwita, kwa sababu ambazo ninyi mnaweza kuzielewa. Mwishowe alinunua viti viwili vya mbao, akanipigia simu: "Mwambie mathe aje Jumapili ijayo. Aje anywe chai."

Mama alifurahi, akaniambia kwanza nimletee picha, apate kujua viti vyenyewe ni vya ukubwa gani. Nikaenda nikapiga picha ya viti. Ukuta ulikuwa nyuma yavyo.

Aliishika simu yangu karibu na mlango, palipo na mwanga. Hakuvitazama viti. Akaniuliza, "Huu ukuta ameupaka yeye?"

"Yeye."

"Zote hizi?"

"Ndiyo, Mama."

Alikaa chini. Nikaona macho yake yamelowa, na sikuelewa, mpaka aliposema: "Basi ameanza kuota."

Kaka yangu aliacha kanisa akiwa na miaka kama kumi na tano, na Mama hakuacha kumwombea tangu hapo. Sasa akauona ukuta wenye rangi za kanzu zote, zimepangwa vizuri kama watu waliosimama kwenye ibada. Alihesabu kwa kidole. "Nyekundu, hii ni ya vita. Hii ya malaika. Hii ya wagonjwa. Buluu, yangu hii. Toba iko chini, mahali pake." Kidole kilisimama kwenye mstari wa machungwa. "Hii hatuna. Hakuna mtu Kambi Muru amewahi kuiota hii." Alifikiri kidogo. "Labda ni ya Kawangware."

Nilitaka kusema kitu. Nilifungua mdomo, lakini uso wake ulikuwa uso ambao nilikuwa sijauona kwa muda mrefu, na maneno yangu huwa yanachelewa hata siku za kawaida. Alikuwa tayari ameinua mkoba wake. Alikuwa anakwenda kununua uzi.

Alifuma vitambaa viwili, kimoja kwa kila kiti, kwa rangi zile sita na kwa mpangilio ule ule wa ukuta. Hakuniachia hata safu moja. Simu yangu ilikaa wazi magotini pake, ikizimika niliiwasha tena. Alipofika mwisho wa zambarau ilikuwa Alhamisi, na kilichobaki kilikuwa ukingo tu. Kitambaa bila ukingo hufumuka. Lakini kabla ya ukingo Mama huvifua kwanza, uzi upungue kama ni wa kupungua, kwa hiyo asubuhi ya Ijumaa alivianika nje kwenye kamba inayopita juu ya mtaro, kutoka mlango wetu hadi mlango wa jirani.

Jirani huyo anauza mandazi. Ni mama mwema, ndiye aliyetukopesha makaa Baba alipofariki. Alitoka na karai lake, akavitazama vile vitambaa, akaliweka karai chini, akaja mlangoni kwetu.

"Mama, hizo rangi umepewa oda na nani?"

"Si oda. Ni za mwanangu wa Kawangware."

Jirani alinitazama mimi. Kisha akamwambia Mama polepole, "Dada, zitoe kwenye kamba kabla hawa vijana hawajaamka."

"Kwa nini? Zimeibwa?"

"Hizo ni rangi za mashoga. Binti yangu alinionyesha kwa simu, wanatembea nazo barabarani huko ng'ambo. Bendera yao ni hiyo hiyo, haijapungua hata moja. Mimi sisemi kitu. Nakwambia tu kama jirani."

Mama alicheka kidogo. "Upinde ni wa Nuhu."

"Wa Nuhu ulikuwa wake. Huu sasa ni wao."

Jirani akachukua karai lake akaondoka, maana watu wa chai hawangoji. Mama alisimama mlangoni. Halafu aligeuka.

"Wewe unazijua hizi rangi?"

Nilikuwa na sindano mkononi. Nikahesabu mashimo ya kitambaa nilichokuwa nafuma, nikayahesabu tena.

"Nakuuliza wewe. Na yule anayekaa naye. Ni kweli?"

Sikujibu. Watu wengi hudhani kunyamaza kwangu ni kwa aina moja, lakini Mama anazijua aina zote. Kuna kwa aibu, kuna kwa kutojua, na kuna huku. Alitoka nje, akavitoa vile vitambaa kwenye kamba vikiwa bado vibichi, akavikunja, akavitia kwenye mfuko wa karatasi na kuusukuma chini ya kitanda. Kisha akaenda kwenye kiti cha kaka yangu, kile cha karibu na mlango, akakivua kitambaa chake cha buluu.

Ningependa anayesoma aelewe jambo hilo. Kwetu kiti hakivuliwi kitambaa hivi hivi. Baba alipofariki, jambo la kwanza akina mama walilofanya walipoingia ni kuvua vitambaa vyote, kwenye kochi, kwenye meza, mpaka kwenye redio, na viti vilikaa vitupu mpaka tuliporudi kutoka kumzika. Kiti kitupu ndani ya nyumba yenye vitambaa ni cha maiti. Mama alikikunja kile cha buluu akakiweka sandukuni. Siku ile nzima tulikizunguka kiti kile, yeye na mimi, kama watu wanaozunguka shimo.

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Jioni alivaa kanzu yake akaenda kuomba Kambi Muru, akarudi, akalala bila kula.

Jumamosi nilikwenda Kawangware. Njia nzima nilipanga maneno, na nilipofika nikayasema vibaya. "Mama amejua. Amekivua kiti chako."

Kaka yangu alikuwa anapangusa vile viti vipya. Alikaa kwenye kimoja. Hakuniuliza kiti kipi, wala kukivua ni kufanya nini. Rafiki yake aliacha kusukuma chapati.

"Amesema haji?" kaka yangu aliuliza.

"Hajasema kitu."

"Hata kunitukana?"

"Hata."

Alitazama mikono yake. Ni mikono mikubwa, ina rangi kwenye kucha ambayo haitoki kamwe. "Angenitukana ingekuwa afadhali," alisema. Baada ya muda alisimama, akavuta ndoo kutoka chini ya kitanda. Ilikuwa nusu ya krimu, masalio ya nyumba fulani.

Rafiki yake alielewa kabla yangu. "Unafanya nini?"

"Pengine atakuja. Akija asikutane na huu ukuta."

"Msee, ile zambarau niliichanganya mimi. Mikono yangu ilikaa hivyo mpaka wateja wakaanza kuniuliza kama chapati zina ugonjwa."

"Najua."

"Na sasa unataka tukae ndani ya mkate."

Kaka yangu hakucheka. "Ni mama yangu," alisema.

Yule rafiki alijifuta unga kwenye suruali, akaja akashika upande wa pili wa kitanda. "Basi paka. Mimi wangu alishafunga mlango zamani. Kama wako unaweza kufunguka kwa ndoo moja ya krimu, paka."

Tukasogeza vitu. Krimu haikutosha, kaka yangu akaiongeza maji, akapaka mkono mmoja tu wa rangi kutoka juu hadi chini. Niliona nyekundu ikienda, kisha machungwa, kisha jua lote la chumba kile likaenda. Nikaaga. Kaka yangu aliniambia, "Usimlazimishe. Mwambie tu chai ipo."

Nilirudi nikitembea polepole. Nilipofika Lindi nilimkuta Mama amekaa mlangoni kwetu, nje kabisa, mahali ambapo kila anayepita humwona. Magotini alikuwa na kimoja cha vile vitambaa. Anafuma ukingo, kwa uzi mweupe.

Jirani wa mandazi alikuwa anarudi na karai tupu. Alisimama. "Bado unafuma hizo?"

"Uzi nilishanunua," Mama alisema, hakuinua kichwa.

Jirani alingoja, labda kuna la zaidi. Halikuwepo. Akavuta kigoda akakaa karibu naye, wakaanza kuongea juu ya bei ya unga. Nami nikasimama na habari yangu kooni, kwamba ukuta ule haupo tena. Nilitazama ndani. Kiti cha kaka yangu kilikuwa bado kitupu. Sikuelewa kitambaa kile kinafumwa kwa ajili ya nini, kwa hiyo sikusema chochote, nikachukua kile kingine, na Mama akaniruhusu nikifume ukingo wake.

Jumapili baada ya ibada nilimngoja nje ya kanisa. Kwa kawaida huivua kanzu na kuikunja kabla ya kutoka Kambi Muru. Siku hiyo alitoka nayo, na mfuko kwapani.

"Twende."

"Hubadilishi?"

"Nimechoka kubadilisha."

Tulikwenda. Watu wa Barabara ya Ngong walimtazama, mama wa makamo katika kanzu nyeupe na mshipi wa buluu, na vijana wawili wa pikipiki walimwita nabii wakamwomba awaombee wapate abiria. Mama aliwapungia mkono. Tulipopita Dagoretti Corner akaanza kuongea, akitazama mbele.

"Nilipopewa hii buluu nilikuwa nimeolewa juzi. Nikaenda kumwonyesha baba yangu. Yeye alikuwa wa kanisa lile kubwa, la kengele. Alitoka akasimama langoni, akasema hicho kitambaa cha wazimu hakiingii kwangu. Nikakivua pale pale langoni, kama mtu anayevua viatu. Nikakining'iniza kwenye ua, nikaingia na gauni la ndani." Alitembea kidogo. "Nilikula chakula chake. Lakini roho ilibaki kwenye ua na kanzu. Mpaka alipokufa sikuwahi kuingia kwake nikiwa mzima."

Akakaza mfuko kwapani, tukaendelea.

Kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni, amevaa shati la kupigwa pasi. Alipomwona Mama na kanzu yake nadhani alifikiri amekuja kumtoa pepo. Uso ulimwanguka. "Karibu, Mama," alisema, akasogea pembeni. Rafiki yake alikuwa ndani, amesimama karibu na jiko kama mtu aliyeazimwa, hana neno lolote la mzaha.

Mama aliingia. Hakukaa. Alitazama ukuta.

Ile krimu ya maji ilikuwa imekauka usiku kucha, na mkono mmoja haufichi nyekundu. Kila mpakaji rangi anajua hivyo, na kaka yangu alijua, ila hakuwa na nyingine. Juu palikuwa pamebadilika kuwa waridi, chini pakawa kama mtu aliyevilia damu, katikati kulikuwa na vivuli vya mistari. Haikuwa krimu wala haikuwa rangi nyingine.

"Ule ukuta uko wapi?" Mama aliuliza.

"Nimeupaka upya, Mama. Usije ukakukwaza."

"Mimi nimefuma kufuata ukuta."

Kaka yangu hakuelewa. Mama aliutazama tena. "Na hii rangi mbaya. Inakaa kama uji umemwagika." Kutoka kwenye jiko nilisikia yule rafiki akizuia kicheko, kikamtoka puani. Mama alimtazama mara moja, akarudi kwa kaka yangu.

"Maana ya rangi zile niliiuliza kanzu, nikamsikia na jirani. Nataka unieleze wewe. Nyekundu ni ya nini?"

"Uhai, Mama," kaka yangu alisema.

"Hii ya kufuata. Ya machungwa."

"Uponyaji."

"Kumbe." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyepata kitu alichokitafuta wiki nzima. "Manjano?"

"Jua. Kijani ni miti, na vyote vinavyoota. Buluu ni utulivu."

"Na ya chini?"

"Roho."

"Kwetu hiyo ni ya toba."

"Kwetu ni roho, Mama," kaka yangu alisema, na nilisikia sauti yake ikitetemeka kwenye lile neno, kwetu, maana kwa mara ya kwanza lilikuwa na maana mbili ndani ya familia yetu.

Mama akasema, "Mimi sielewi. Nikikwambia naelewa nitakuwa nadanganya, na leo ni Jumapili. Nimeomba tangu Ijumaa nielewe, sijapewa. Labda nitapewa, labda sitapewa. Lakini kiti kitupu ni cha matanga, na mimi sina matanga. Nyathina, mwanangu, yuko hapa, amevaa shati."

Alifungua mfuko, akatoa kitambaa cha kwanza, akakitandaza kwenye mgongo wa kiti kimoja. Alikivuta pembe, akakilainisha na kiganja, mara mbili, kama anavyofanya nyumbani. Zile rangi sita zilikaa pale na ukingo wake mweupe kuzunguka, na chumba chote, na ule uji wake ukutani, kikageuka kuelekea kile kiti. "Kaa," alisema. Kaka yangu akakaa. Alikaa mbele mbele, asiguse kitambaa na mgongo wake.

"Na kile changu cha nyumbani?" aliuliza, chini chini.

"Kilikuwa kichafu. Nimekifua. Kitarudi jioni."

Sote tulijua hakikuwa kichafu.

Kitambaa cha pili kilibaki mkononi mwa Mama. Kiti cha pili kilikuwa pale, na pembeni yake alisimama yule rafiki. Mama alikishika kitambaa kwa muda. Alikikunja, akakikunjua. Nadhani alikuwa amekifuma akifikiri ni cha mgeni, na sasa alikuwa anatafuta mgeni ndani ya chumba kile asimwone. Chai ilianza kuchemka na hakuna aliyeishughulikia. Mwishowe alinyoosha mkono, hakumtazama usoni.

"Wewe. Weka chako mwenyewe."

Yule rafiki alifuta mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, ingawa siku hiyo haikuwa na unga. Alikipokea kwa mikono miwili. Alikitandaza kwenye kiti chake haraka, kama mtu anayeogopa kitadaiwa, akarudi nyuma asimame tena.

Mama alitazama. Alitoa sauti ile ya ulimi anayonitolea mimi nikikosea safu. Akainuka, akasogea mpaka kwenye kile kiti, akakishika kitambaa pembe mbili na kukigeuza, maana alikuwa amekiweka juu chini.

"Nyekundu inaanza juu," alimwambia. "Sasa kaa, chai inamwagika."